Padri Mveng na Alama za Wazee

Engelbert Mveng alizaliwa Kameruni mwaka 1930. Mwaka 1951 aliingia unovisi wa Wayezuiti pale Djuma, katika Kongo; mwaka 1963 akapewa upadri.

Katika misioni nyingi wakristo walikwisha kuambiwa kwamba vinyago vya wazee ni vitu vya kutupwa motoni. Padri Mveng alikuwa mchoraji, tena mwandishi wa historia ya nchi yake. Katika kitabu cha mwaka 1964 alifundisha kwamba sanaa ya Afrika ni ibada na ni lugha ya dini. Basi anayechoma kinyago kabla ya kukisoma, huchoma maandiko ya babu zake.

Katika kikanisa cha Chuo cha Hekima, Nairobi, alimchora Kristo Mfufuka ukutani, nyuma ya altare. Rangi zake ni tatu: nyeusi ni mateso, nyeupe ni wafu, nyekundu ni uzima. Asishangae mtu kuhusu nyeupe. Kwa Bakongo, mpemba ni udongo mweupe, tena ni nchi ya wafu. Katekista anayefundisha kwamba nguo nyeupe ya ubatizo ni furaha tu, ajue ya kuwa mzee aliye mbele yake huenda anaona kaburi. Na mzee huyo hakukosea, maana Paulo Mtume asema tulizikwa pamoja na Kristo katika ubatizo.

Padri Mveng aliuawa nyumbani kwake, karibu na mji wa Yaoundé, mwezi wa Aprili 1995.