Gitaa la Baba na Mwana

Watu wa pwani yetu wamezijua ala za nyuzi tangu kale: zeze, gambusi na udi. Kila moja ina tumbo lenye uwazi, na uwazi huo ndio ukuzao sauti ya uzi hata isikiwe na watu waliokaa mbali. Lakini iko ala nyingine isiyotegemea tumbo lake, nayo ni gitaa la umeme. Leo tutasoma habari za gitaa moja la namna hiyo, lililofanywa kwa mbao kuukuu na baba na mwanawe huko Uingereza. Tutaona jinsi lilivyoundwa, jinsi lilivyogeuzwa mara kadhaa, na jinsi lilivyotengenezwa upya lilipokwisha kuchakaa.

1. Jinsi umeme uchukuavyo sauti

Kwanza yafaa tujue kazi ya gitaa hilo. Mwaka 1831 mtaalamu Michael Faraday alionyesha ya kuwa sumaku ikitikiswa karibu na waya uliozungushwa mizingo mingi, umeme hupita katika waya ule. Gitaa la umeme hufuata kanuni hiyo. Nyuzi zake ni za chuma. Chini ya nyuzi huwekwa sumaku, na sumaku huzungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizingo. Chombo hiki twaweza kukiita kinasa. Uzi ukipigwa hutetemeka. Uzi ukitetemeka, nguvu ya sumaku nayo huyumba. Nguvu hiyo ikiyumba, umeme mdogo huzaliwa katika waya. Umeme huo huenda katika mashine ya kuukuza, kisha hutoka katika kipaza sauti kama sauti kubwa. Basi mtu akigeuza kinasa, amegeuza sauti ya gitaa lake.

2. Mvulana asiye na fedha

Brian May alizaliwa tarehe 19 Julai 1947 huko Hampton, karibu na London. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na sita alitamani sana gitaa la umeme, walakini bei yake ilipita uwezo wa nyumba yao. Baba yake, Harold May, alikuwa mtu mwenye elimu ya umeme na mikono ya ufundi. Hakumwambia mwanawe aache kutamani, wala hakukopa fedha. Walikata shauri kuliunda gitaa wenyewe.

Mwezi wa Agosti mwaka 1963 wakaanza kazi. Chumba kimoja cha nyumba wakakifanya karakana. Shingo ya gitaa wakaichonga katika rafu ya kale iliyokuwa juu ya meko ya kuotea moto, ambayo rafiki yao alikuwa akiitupa. Rafu ile ilikuwa ya mahogani, mti ulio wa jamaa moja na mkangazi wetu. Mbao ilikuwa na umri mkubwa, na vidudu walao mbao walikuwa wameitoboa. Yale matundu kijana aliyaziba kwa njiti za kiberiti. Kiini cha mwili kilikuwa mwaloni uliotoka katika meza kuukuu, na juu yake wakabandika ubao mwembamba wa mahogani ili upendeze macho.

Kadhalika vitu vingine vingi vilikuwa vya kuokotwa. Vidoto vyeupe vya kuonyesha mahali pa vidole vilikuwa vifungo vya lulu vya mama yake, vilivyopunguzwa kwa tupa. Gitaa lilitakiwa liwe na mkono wa kulegeza na kukaza nyuzi, ili sauti iyumbe kama ya mwimbaji. Mkono huo ulifanywa kwa chuma kilichoshika mfuko wa baisikeli, na ncha yake ikavikwa kipande cha sindano ya kufumia ya mama. Ndani, bamba la chuma likaegemea ukingo mkali kama wa kisu, ili lipate kuinama pasipo kukwaruza, na springi mbili za injini ya pikipiki zikashindana na mvuto wa nyuzi. Kwa hiyo, mkono ukiachwa, nyuzi hurudi mahali pake barabara.

Kazi hiyo ilichukua karibu miaka miwili, nayo iliwagharimu kama pauni 8 tu.

3. Kosa na marekebisho

Msidhani ya kuwa kila kitu kilifaulu mara ya kwanza. Vinasa vya kwanza Brian alivifanya mwenyewe, akanunua sumaku na kuzungusha waya kwa mkono. Uzi ukipigwa wima ulilia vizuri. Lakini alipousukuma upande kwa kidole, sauti ilikwaruza. Akatafuta sababu, akaiona: ncha za sumaku zake zilikuwa zimepangwa kwa kupokezana, kaskazini na kusini, na uzi ulipohama kutoka ncha hii kwenda ncha ile, umeme ulivurugika. Hakuona haya kukubali kosa. Akaviondoa, akanunua vinasa vitatu vya kiwanda cha Burns.

Hata hivyo navyo havikumridhisha vilivyo. Sauti ilipokuzwa sana, waya ndani ya vinasa ulitetemeka wenyewe na kupiga kelele kali. Basi akavijaza gundi ngumu, waya ukashikwa usitikisike, kelele ikapungua.

Tena, kila kinasa alikipa swichi mbili. Ya kwanza hukifungua na kukifunga. Ya pili huugeuza umeme wake uende kinyume. Faida yake ni nini? Fikirini watu wawili wanaosukuma ngalawa. Wakisukuma upande mmoja, nguvu zao hujumlika. Wakisukumana uso kwa uso, nguvu ya mmoja huipunguza ya mwenzake. Vinasa viwili navyo huwa hivyo: vikikubaliana sauti hunenepa, vikipingana hubaki sauti nyembamba na kali. Kwa swichi sita, gitaa moja likapata sauti nyingi.

Wakati mmoja alitia ndani yake kifaa cha kukwaruza sauti makusudi, kisha akaona hakimfai, akakitoa. Tundu la swichi yake likabaki wazi. Akaliziba kwa nyota ndogo ya lulu, na mtu asiyejua hudhani ni pambo tu.

4. Uzito kati ya baba na mwana

Brian aliendelea na masomo ya juu huko London, akichunguza vumbi lililo angani kati ya sayari. Mwaka 1970 yeye na wenzake walianzisha kundi la muziki liitwalo Queen. Mwimbaji wao, Freddie Mercury, alikuwa mzaliwa wa Unguja, aliyezaliwa tarehe 5 Septemba 1946. Kundi lilipoanza kuendelea, Brian aliacha masomo kabla ya kuyamaliza, ashike muziki.

Jambo hili lilimchoma baba yake. Alikuwa amejinyima mengi ili mwanawe asome. Na sasa chombo alichokiunda kwa mikono yake mwenyewe ndicho kilichomtoa kijana katika elimu. Kukawa na uzito kati yao kwa muda mrefu. Baadaye Brian aliwapeleka wazazi wake New York, wakaona maelfu ya watu wakisikiliza gitaa lile katika ukumbi wa Madison Square Garden. Hapo ndipo baba alipoelewa, akampa mwanawe mkono. Harold May alifariki mwaka 1988. Na Brian hakuyasahau masomo: aliyarudia uzeeni, akapata shahada ya udaktari wa elimu ya nyota mwaka 2007.

5. Kutengenezwa upya

Gitaa lilisafiri duniani miaka zaidi ya thelathini. Vanishi ililika na kubanduka, kingo zikachubuka. Lilihitaji fundi, lakini ni nani awezaye kukabidhiwa kitu kisicho na cha pili, na ambacho mmoja wa waundaji wake amekwisha kuzikwa? Gitaa la dukani likiharibika hununuliwa jingine. Hili likiharibika, kazi ya mikono ya baba imepotea.

Fundi mmoja wa Australia, Greg Fryer, aliaminiwa kazi hiyo. Hakuanza kwa kuligusa kwa patasi. Kwanza alilipima kwa uangalifu, akaunda magitaa matatu ya mfano wake, hata akaijua kila sehemu. Ndipo, mwaka 1998, akalitengeneza lenyewe. Alijaza palipochubuka na kurudisha vanishi, akijihadhari asiigeuze sauti yake wala kufuta alama za waliolifanya. Maana kutengeneza kitu cha kale si kukifanya kiwe kipya; ni kukiwezesha kuendelea na kazi yake huku kikibaki kile kile.

Tarehe 3 Juni 2002, Brian May alisimama juu ya paa la jumba la Buckingham, akapiga wimbo wa taifa la Uingereza mbele ya umati mkubwa. Gitaa alilolishika ni lile lile lililotoka katika rafu ya meko, lenye njiti za kiberiti ndani ya shingo yake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Enyi wanafunzi, nyumbani kwenu viko vitu vilivyofanywa na mikono ya wazee wenu: kiti, kinu, ngoma, au jahazi. Vitazameni kabla havijaoza. Ulizeni vilifanywaje, wakati wangalipo wa kuwajibu.

Maswali

1. Kwa nini nyuzi za gitaa la umeme hufanywa kwa chuma?
2. Taja vitu vitano vya nyumbani vilivyotumiwa kuunda gitaa hili.
3. Vinasa vya kwanza vilikuwa na kosa gani?
4. Kwa nini baba yake Brian alihuzunika?
5. Kwa nini Fryer aliunda magitaa matatu kabla ya kulitengeneza la kale?
6. Andika habari za kitu cha kale kilichoko kwenu: nani alikifanya, kimechakaa wapi, na wewe ungekitengenezaje pasipo kukipotezea asili yake?