SOMO: DIZELI INAPOPANDA BEI, LORI LA KIKUNDI LIUZWE AU LIBAKI?

Kila bei ya dizeli inapopanda, wamiliki wa malori makubwa katika wilaya za Handeni na Korogwe huuliza swali lilelile: liuzwe au libaki? Swali hilo huwa zito zaidi pale lori linapokuwa mali ya kikundi au ya chama cha ushirika, kwa kuwa ndani yake mna akiba ya watu wengi. Likiuzwa kwa pupa, msimu ujao mahindi na machungwa yatamsubiri mchuuzi shambani, naye ndiye atakayepanga bei. Likibaki bila hesabu, litaila akiba ileile iliyolinunua. Somo hili linaeleza namna ya kufikia uamuzi kwa kalamu na daftari.

1. Bei ya dizeli hutoka wapi

Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na katika orodha hiyo Handeni na Korogwe zimewekewa bei zake. Kituo cha mafuta hakiruhusiwi kuuza juu ya kikomo hicho. Msomaji anaweza pia kuipata bei ya eneo lake kwa simu ya mkononi kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo.

Bei hiyo hutokana na soko la dunia, thamani ya shilingi mbele ya dola, gharama za usafirishaji, pamoja na kodi na tozo. Mwaka 2022, vita vilipozuka nchini Ukraine, dizeli ilivuka shilingi 3,200 kwa lita jijini Dar es Salaam mwezi Mei, na Serikali ikatoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi Juni. Kikundi hakina mamlaka juu ya mambo hayo. Kina mamlaka juu ya jambo moja: kazi ambayo kila lita inafanya.

2. Hesabu ya safari moja

Tuchukue mfano. Tarakimu zake ni za kufundishia tu. Kila kikundi kiweke zake. Lori la tani 10 linakwenda Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 300. Likiwa na mzigo, lita moja hulipeleka kilomita 3. Likiwa tupu, kilomita 4. Dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita.

Kwenda na mzigo ni lita 100. Kurudi tupu ni lita 75. Jumla ni lita 175, sawa na shilingi 525,000. Tukigawa kwa tani 10, kila tani imebeba shilingi 52,500 za mafuta.

Sasa lori lirudi na mzigo wa tani 10. Mafuta yanakuwa lita 200, yaani shilingi 600,000, lakini zimebebwa tani 20. Kila tani inabeba shilingi 30,000. Tofauti ni shilingi 22,500 kwa tani.

Linganisha na kupanda kwa bei. Dizeli ikiongezeka shilingi 300 kwa lita, safari ya kurudi tupu inaongezeka shilingi 52,500, ambazo ni 5,250 kwa tani. Kurudi tupu kunakigharimu kikundi zaidi ya mara nne ya ongezeko hilo la bei, ingawa halitangazwi redioni.

3. Gharama za lori lililoegeshwa

Lori hula hata likiwa limelala uani: mishahara ya dereva na utingo, bima, leseni ya usafirishaji, kodi, na akiba ya kununua lori jingine hili litakapochakaa. Tuseme jumla ni shilingi 9,600,000 kwa mwaka. Likifanya safari 24, kila safari inabeba shilingi 400,000. Likifanya safari 48, kila safari inabeba shilingi 200,000 tu. Idadi ya safari, basi, ina uzito mkubwa kuliko bei ya lita.

4. Kumiliki au kukodi

Tuongeze shilingi 150,000 kwa kila safari kwa ajili ya matairi, gereji na posho. Tuseme pia lori la kukodi la ukubwa huohuo hutoza shilingi 900,000 kupeleka mzigo Dar es Salaam.

- Safari 24 kwa mwaka, kurudi tupu: 525,000 + 400,000 + 150,000 = shilingi 1,075,000. Kukodi ni nafuu.
- Safari 48 kwa mwaka, kurudi tupu: 525,000 + 200,000 + 150,000 = shilingi 875,000. Kumiliki ni nafuu kidogo.
- Safari 24, kurudi na mzigo unaolipa shilingi 400,000: 600,000 + 400,000 + 150,000 − 400,000 = shilingi 750,000. Kumiliki ni nafuu zaidi.

Hapa ndipo wengi hukosea. Dizeli inapopanda, mwenye lori la kukodi naye hununua kwa bei hiyohiyo, na baada ya muda nauli yake hupanda. Kupanda kwa mafuta peke yake, basi, si hoja ya kutosha ya kuuza. Hoja ni kama lori lina kazi au halina.

Mahali pia pana uzito. Mkata, Segera, Korogwe na Mombo ziko kando ya barabara kuu, ambako malori mengi hupita na mengine hutafuta mzigo. Huko, kukodi huwa rahisi. Vijiji vilivyo mbali na lami havina bahati hiyo, hasa masika barabara za udongo zinapoharibika. Kwa hiyo kikundi cha Korogwe mjini na kikundi cha ndani Handeni vinaweza kufanya hesabu ileile na kufikia majibu tofauti, na vyote vikawa sahihi.

5. Kabla ya kuuza

*Tafuteni mzigo wa kurudi.* Saruji ya Tanga, na mbolea, mabati na bidhaa za dukani kutoka Dar es Salaam huhitajika wilayani. Zungumzeni na wenye maduka kabla lori halijaondoka.

*Jazeni lori, msilizidishe.* Kujaribu kufidia mafuta kwa lumbesa na uzito wa ziada huishia mizani. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 imeweka ukomo wa jumla wa tani 56, na kila ekseli ina ukomo wake.

*Kusanyeni mazao kwa chombo kidogo.* Lori kubwa likizunguka shamba kwa shamba huchoma dizeli bila kujaa. Trekta lenye tela au pikipiki ya matairi matatu ilete mzigo kituo kimoja.

*Litunzeni.* Matairi yenye upepo pungufu, chujio la hewa lililoziba na mwendo wa kasi, vyote huongeza mafuta.

6. Lini kuuza ni busara

Uzeni endapo mmeandika hesabu za misimu miwili, mkajaribu njia hizo, na bado gharama ya safari inazidi nauli ya kukodi. Uzeni pia endapo mzigo wenu wote wa mwaka unatosha lori dogo. Lori kubwa huleta heshima kijijini, lakini heshima hiyo hailipi mshahara wa dereva. Kwa upande mwingine, msiuze kwa sababu ya mwezi mmoja mbaya. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Mwaka uliopita lori letu lilifanya safari ngapi, na ngapi kati ya hizo lilirudi tupu?
2. Lita moja hulipeleka kilomita ngapi likiwa na mzigo? Nani huandika?
3. Nauli ya kukodi kutoka kijijini kwetu ni kiasi gani wakati wa mavuno, na malori hayo hupatikana kweli?
4. Tukiuza, fedha zitafanya kazi gani, na wanachama wote wamekubaliana?