Kula Bila Nyama: Kutoka Bungu hadi Barabara Kuu

Mtu akiniambia kwamba kuishi bila nyama ni mambo ya kuiga, namwuliza alikula nini Jumatano iliyopita. Kwetu Bungu, huku juu kwenye milima ya Usambara upande wa Korogwe (ipo Bungu nyingine kule Kibiti, siyo hiyo), chakula cha siku za kawaida ni makande, ndizi, magimbi, ugali na maharage, mnavu, kisamvu, majani ya maboga. Nyama ilikuwa ya Idi, ya Krismasi, ya harusi na ya mgeni. Bibi zetu walilea watoto wenye afya kwa chungu cha maharage, na hakuna aliyewaita walaji wa aina yoyote ya pekee.

Kwa hiyo nyumbani hakuna shida. Shida huanza ukitoka: kwenye hoteli ya barabarani, kwenye sebule ya mtu anayetaka kukuheshimu, na kwenye jiko la mkaa la Jumapili jioni. Mimi mayai na maziwa nakula. Kama wewe huli, ruka sehemu hizo, mengine yote yanakuhusu.

Nianze na mama ntilie, kwa sababu ndiye rafiki mkubwa wa asiyekula nyama nchini hapa. Watu hukimbilia hoteli yenye orodha ya vyakula iliyochapwa, wakidhani ndiko kwenye uchaguzi mpana. Mara nyingi huko utakuta kuku wa namna sita na chipsi. Mama ntilie amepika maharage asubuhi na mapema, ana mchicha au matembele, ana kachumbari, na kama uko mkoa wa Tanga ana tui la nazi ndani ya nusu ya vyungu vyake. Zaidi ya yote, aliyepika ndiye anayekupakulia, hivyo unaweza kumwuliza akajibu kwa uhakika.

Swali lenyewe ni muhimu kulipata sawasawa. Ukiuliza, "Kuna chakula kisicho na nyama?" utaambiwa kipo, kisha utaletewa mchicha wenye dagaa. Dagaa, kwa wengi, hawahesabiwi kuwa nyama. Na usiishie kusema unataka mboga, maana nyama nayo ni mboga ya ugali. Mimi nauliza chungu kimoja kimoja kilivyoungwa:

"Dada, maharage umeyaunga na nini?"

"Nazi na kitunguu."

"Na mchicha?"

"Karanga. Ila matembele yana dagaa kidogo."

Basi, umemaliza. Haichukui dakika, hujamhutubia mtu, na yeye anafurahi kuulizwa kuhusu upishi wake. Kama ni mtu mzima, anza na shikamoo kabla ya swali lolote. Asiyesalimia hupewa majibu mafupi.

Vyungu vya kuviangalia zaidi ni vichache. Pilau hupikwa kwa supu ya nyama, kwa hiyo kuziondoa nyama juu ya sahani hakusaidii kitu. Omba wali mweupe au wali wa nazi. Mtori kwa kawaida ni wa nyama. Makande ya kununua uliza kama yamechemshwa na mifupa. Chipsi karibu kila mahali hukaangwa kwenye mafuta yaleyale ya kuku, na hapo kila mtu aamue mwenyewe. Vipo pia vile viungo vya pakiti vyenye ladha ya nyama au kuku ambavyo wapishi wengi siku hizi huvinyunyiza kwenye kila mchuzi.

Halafu kuna upawa. Ukishaagiza wali maharage, mpakuaji mwenye moyo mzuri atachota mchuzi wa nyama na kuumwaga juu ya wali wako ili usiwe mkavu. Anafanya hivyo kwa ukarimu, tena bila kukuuliza, na mkono wake una haraka. Simama karibu na meza ya kupakulia, usisubiri mezani. Sema mapema, "Mimi usinimwagie mchuzi, niongezee maharage." Nimeona watu wengi wakirudisha sahani nzima kwa sababu ya kijiko hicho kimoja, na chakula kikatupwa.

Muda nao una nguvu. Maharage ya mama ntilie yako vizuri kabisa kati ya saa sita na saa saba mchana, na majani huisha kabla ya nyama. Ukifika saa tisa utakuta nyama imebaki na mchicha haupo, kisha utaamini kwamba nchi hii haina chakula chako.

Safari ya basi ina masharti yake. Mabasi ya Arusha na Moshi kwenda Dar es Salaam hupita Mombo, Korogwe na Segera, pale inapoungana barabara ya Tanga, na kituo cha kula huwa ni cha dakika chache tu. Abiria wote hukimbilia foleni ya chipsi kuku. Wewe nenda kwenye vyungu, ambako mara nyingi hakuna foleni. Lakini sipandi basi nikitegemea kituo peke yake. Kutoka Bungu tunashuka na kifurushi: magimbi ya kuchemsha, viazi vitamu, karanga za kukaanga, ndizi mbivu. Gimbi ni chakula cha safari kweli kweli, halimwagiki, halichachi haraka, linashibisha. Liive sawasawa tu, maana gimbi bichi huwasha koo. Njiani unaongezea yanayouzwa dirishani. Ukikaribia Mombo kuna matunda yanayoteremka kutoka Lushoto, plamu na mapeasi kwa msimu wake, na upande wa Muheza ni machungwa. Ya kula njiani chagua yanayomenywa, maana ndani ya basi huna maji ya kuoshea; mengine subiri uyaoshe ukifika.

Treni ya kaskazini, ile iliyorudi kwenda Moshi Desemba 2019 na kufika Arusha mwaka 2020, nayo inapita Korogwe. Ndani yake unaweza kukaa na chombo cha kutunza joto na sahani, ukala wali wako wa nazi na mbaazi kwa utulivu ambao basi halitakupa kamwe.

Sasa nifike kwenye jambo linalonigusa kuliko yote, nalo ni kualikwa. Hotelini unalipa na kuondoka. Kwa mtu, chakula ni neno lake kwako. Mgeni akifika kijijini kwetu, jogoo hukamatwa kabla hajamaliza kunywa maji, na katika nyumba nyingi huyo jogoo ana thamani kubwa. Ukisema "sili nyama" wakati kuku keshachinjwa, umewaumiza watu na kuku amekufa vilevile. Kwa hiyo taarifa itangulie. Piga simu siku moja au mbili kabla, na usiongee na yule aliyekualika peke yake. Ongea na anayepika. Usimwambie usichokula ukaishia hapo, maana utamwacha na wasiwasi. Mwambie unachokitamani: "Shangazi, nakuja Jumamosi. Nimekumbuka sana bada na mchunga wako, naomba unipikie hicho." Hapo umempa heshima yake. Bada, ugali wa unga wa muhogo, na mchunga uliochemshwa, ukamwagwa maji yake machungu, kisha ukatiwa tui zito la nazi, ni mlo ambao wazee wa Tanga wanaujivunia, na shangazi atasimulia kwa wiki nzima kwamba mgeni wa mjini aliomba chakula cha nyumbani.

Kama taarifa haikutangulia na sinia liko mezani, kula pembeni kwa utulivu: wali upande usioguswa, majani, ndizi. Sifia kile unachokila, na ukisifie kwa dhati. Ukiulizwa, jibu kwa sentensi moja. Wengi wanaelewa haraka kuliko tunavyodhani, kwa kuwa kujizuia chakula siyo jambo geni. Wakatoliki wanaacha nyama siku za Ijumaa za Kwaresima. Upareni, walikofika Wasabato mwaka 1903, zipo familia ambazo zimelelewa na mafundisho ya kula bila nyama kizazi hadi kizazi. Rasta naye ana mpango wake. Mezani siyo mahali pa kumhukumu mwenye nyumba kwa kile anachokula, na mimi naamini hivyo kabisa: anayegeuza sahani yake kuwa mahubiri huwafungia milango wenzake watakaofuata.

Kwenye shughuli, harusi au maziko, tafuta wapishi mapema kule nyuma kwenye mafiga. Karibu kila mara kuna sufuria ya wali mweupe kwa ajili ya wagonjwa na wazee, na kachumbari haina mwisho.

Dar es Salaam ni rahisi. Karibu na Mtaa wa Kisutu, kwenye mahekalu ya Wahindu, ipo migahawa isiyoingiza nyama jikoni kabisa: dali, chapati, wali, viazi vya bizari, achari na maziwa mgando kwenye sinia moja. Ukiingia kwenye mgahawa wa Wahabeshi, Dar au Nairobi, omba chakula cha mfungo. Wakristo wa Kiothodoksi wa Ethiopia hufunga Jumatano na Ijumaa, hawagusi nyama, maziwa wala mayai, na kwa sababu hiyo wamekuwa mabingwa wa dengu na shiro, mchuzi wao wa unga wa kunde. Zanzibar kuna urojo. Waambie wasitie mshikaki.

Kitu kimoja cha afya nisikipite. Chipsi na kachumbari siyo mlo. Kila unapokula nje hakikisha kuna kitu cha jamii ya kunde, yaani maharage, mbaazi, choroko, dengu au karanga, pamoja na nafaka. Na kama huli hata mayai na maziwa, zungumza na mtu wa afya kuhusu vitamini B12, maana haipatikani kwenye majani.

Na jiko la mkaa? Hapa ndipo wengi wetu tunajidhulumu, tunakaa na kipande cha hindi huku wenzetu wakila. Lete vitu vyako, na lete wavu wako, hata mdogo. Usipokuwa nao utachomea kwenye mafuta ya mbuzi. Mkaa wa mboga uwe umeshatulia, una majivu meupe juu, bila ndimi za moto. Ndizi mzuzu iliyoiva choma na ganda lake hadi liwe jeusi na lipasuke, kisha imenye. Muhogo uwe ule mtamu, umenywe na uchemshwe kwanza, ndipo uchomwe na kupakwa ndimu na pilipili. Muhogo mchungu una sumu na moto wa mkaa pekee hauiondoi. Bilinganya choma zima mpaka linywee, toa ganda, liponde na chumvi, kitunguu na tui zito, halafu lirudishe jikoni kidogo. Hilo ukilipata na chapati hutatamani kitu kingine.

Lakini kinachobadilisha sherehe ni fenesi changa. Kwetu mkoa wa Tanga mafenesi huoza chini ya miti, na watu wengi wanalijua lililoiva tu. Chukua dogo, la kijani, kabla mbegu hazijakomaa. Paka mafuta kisu na mikono, maana utomvu wake hunata. Likate vipande, uchemshe na chumvi hadi nyuzi zake zilainike lakini zisivunjike, kama nusu saa hivi. Chuja, acha likauke vizuri. Hapo twanga tangawizi, kitunguu saumu, pilipili manga na bizari, changanya na ukwaju na mafuta kidogo, ulilaze humo kwa saa moja au mbili. Lowesha vijiti kwenye maji ili visiungue, tunga vipande pamoja na kitunguu na hoho, uchome huku ukipaka tui lenye pilipili na ndimu kwa brashi au jani la mgomba lililochanwa. Nyuzi za nje zinakauka na kushika moshi, ndani kunabaki laini.

Tunga mara mbili ya hesabu yako. Nyama ya mbuzi huchelewa kuiva, na wanaoisubiri wataanza na vijiti vyako.