Programu Mbili, Jina Moja: Simu Ikikataa, Usiilazimishe

Wiki iliyopita shangazi alinipigia simu. Kwenye grupu la chama chao la WhatsApp, mtu alikuwa ametuma faili la programu ya pesa, eti ni toleo jipya. Alipolibonyeza, simu ikamwambia haiwezi kulisakinisha kwa sababu linakinzana na programu iliyopo.

"Mwanangu, nitoe ile ya zamani kwanza ndio hii mpya iingie?"

"Hapana shangazi, usitoe kitu. Hiyo simu inakuokoa."

Ushauri wa "toa ya zamani kwanza" wengi wetu tumewahi kuutoa. Lakini kwa programu inayoshika pesa yako, elewa kwanza simu inakataa nini.

Simu haiangalii jina unaloliona

Wewe unaona picha na jina kwenye skrini. Hivyo viwili mtu yeyote anaweza kuiga. Simu ya Android huangalia vitu vingine viwili: jina la kifurushi, ambalo ni refu na lina nukta katikati, na sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji. Chukulia jina la kifurushi kama namba ya kitambulisho, na sahihi kama alama ya kidole. Toleo jipya halali huja na namba ile ile na alama ile ile, ndiyo maana huingia bila fujo.

Mambo matatu yanayoweza kutokea

1. *Namba moja, alama tofauti.* Simu inakataa. Hii ndiyo iliyomkuta shangazi. Ukiondoa programu halali, simu inabaki bila alama ya kulinganisha, na ile ngeni inaweza kuingia kama mwenye nyumba.

2. *Namba tofauti, jina la nje moja.* Simu haioni mgongano wowote, kwa hivyo zote mbili zinakaa. Hapa ndipo pabaya zaidi, maana hupati onyo. Kuna simu zinazokuruhusu kuwa na nakala mbili za programu moja. Kama ni wewe uliwasha, sawa. Kama si wewe, chunguza.

3. *Toleo la zamani juu ya jipya.* Hata kama namba na alama ni sawa, kwa kawaida simu haikubali kurudi nyuma. Baki na jipya, kwa sababu masasisho huziba mianya ya usalama.

Ufanye nini?

- Sasisha kupitia Play Store pekee, si kwa faili au linki ya kutumiwa, hata kama aliyetuma ni ndugu yako. Huenda naye ametumiwa tu.
- Ukiona aikoni mbili zinazofanana, usiweke PIN kwenye yoyote. Bonyeza aikoni bila kuachilia, fungua maelezo ya programu, kisha uangalie ilitoka wapi. Kwenye Play Store, soma pia jina la mtengenezaji.
- Kwenye mipangilio ya simu, zima ruhusa ya kusakinisha programu kutoka vyanzo visivyojulikana, hasa kwa WhatsApp na kivinjari.

Na kama tayari umeweka PIN?

Usione aibu, na usingoje kesho. Zima data na Wi-Fi. Toa laini yako, iweke kwenye simu nyingine unayoiamini, ubadilishe PIN, kisha upigie huduma kwa wateja. Ile programu ngeni iondoe kabla ya kurudisha laini. Salio lako liko kwenye akaunti, haliko ndani ya programu, kwa hivyo kuondoa programu hakupotezi pesa. Kinachopoteza pesa ni PIN kufika mikononi mwa mtu mwingine.

Shangazi alifuta lile faili, kisha akaandika kwenye grupu: "Msiweke hiyo kitu." Wawili walikuwa wameshatoa programu zao za zamani wakisubiri kuiweka. Nawe waambie watu wa chama chako leo.