Somo la Msafiri: Mzigo wa Pikipiki Kisiwani Pemba

Somo letu la mwezi huu ni habari ya mzigo: jinsi ya kuuchagua, kuupima, na kuufunga katika pikipiki kwa safari ya siku nyingi. Labda mtu atasema, "Je, hilo nalo lahitaji kufundishwa? Nani asiyejua kufunga kamba?" Lakini kufunga kamba si kufunga mzigo. Wengi wenu mna pikipiki siku hizi, au mwachukuliwa na wenye nazo, na wengi wameumia si kwa ubovu wa chombo bali kwa ubaya wa kupakia. Tumekichagua kisiwa cha Pemba kiwe mfano wetu, kwa maana vilima vyake, udongo wake, na hata wema wa watu wake humjaribu sana msafiri mwenye mzigo.

1. Nchi tuiendeayo

Pemba iko kaskazini ya Unguja. Urefu wake ni kilomita 67 hivi, na upana wake kilomita 20 na kidogo. Miji yake mikubwa ni mitatu: Mkoani upande wa kusini, Chake Chake katikati, na Wete upande wa kaskazini. Apendaye kufika mwisho huenda mpaka Konde, kisha hupita katika msitu wa Ngezi hata Ras Kigomasha penye mnara wa taa. Kwa wasomaji wetu wa Tanga, Usambara au Dar es Salaam, safari hii yaweza kuwa ya juma zima: barabara ya bara, kisha meli, kisha kukizunguka kisiwa, kisha kurudi.

Kisiwa si kikubwa, lakini njia zake hupanda na kushuka, kilima baada ya bonde. Katika njia za udongo za vijijini, mvua ikinyesha, gurudumu huteleza kama lililopakwa sabuni. Masika huwa Machi mpaka Mei, na vuli Oktoba mpaka Desemba. Tena wakati wa mavuno ya karafuu watu huzianika juu ya majamvi, mara nyingi kando ya barabara. Pikipiki iliyotanuka kwa mizigo huku na huku yaweza kuyakumba majamvi hayo, au kumkumba mtoto anayeyalinda. Basi mzigo si shauri la mwenyewe peke yake. Unawahusu wote atakaokutana nao njiani.

2. Uzito hufanya nini

Wazee wetu waliujua uzito kuliko sisi, kwa kuwa waliuchukua mabegani. Mpagazi wa misafara ya Bagamoyo, katika karne ya 19, alipewa mtumba wa frasila mbili hivi, yaani kilo 30 na kidogo, na watu walijua ya kuwa ukizidi sana hapo mtu hafiki. Pikipiki haina kinywa cha kulalamika kama mpagazi. Lakini nayo ina kiasi chake. Kiasi hicho kimeandikwa katika kitabu chake cha maelezo, na katika hesabu hiyo mpandaji mwenyewe yumo. Ikiwa mpandaji ana kilo 70, na abiria kilo 60, na mizigo ni kilo 30, jumla ni kilo 160, wala si 30. Hapo ndipo wengi wanapokosea: huhesabu mifuko, nao wenyewe hawajihesabu.

Jambo la pili ni mahali pa uzito. Ukilaza ubao juu ya gogo na kukaa ncha moja, ncha ya pili huinuka. Pikipiki ni ubao wa namna hiyo, na gogo lake ni mhimili wa gurudumu la nyuma. Tuseme kutoka mhimili wa nyuma mpaka wa mbele ni sentimita 125. Ukifunga mzigo wa kilo 20 katika keria, sentimita 25 nyuma ya mhimili, gurudumu la nyuma litabeba kilo 24, na la mbele litapunguziwa kilo 4. Mzigo uo huo ukisogezwa sentimita 25 mbele ya mhimili, gurudumu la nyuma litabeba kilo 16, na la mbele litaongezewa kilo 4. Kilo ni zile zile. Mahali ndipo palipobadilika. Nalo gurudumu la mbele ndilo lishikalo njia na lenye breki yenye nguvu zaidi. Likiwa jepesi, usukani hucheza. Na penye mwinuko hulegea zaidi.

Jambo la tatu ni kusimama. Mwendo wa kilomita 60 kwa saa ni karibu mita 17 kwa kila sekunde. Kabla mkono haujashika breki, mita hizo zimekwisha kupita. Tena mwendo ukiongezwa mara mbili, nguvu ya kuzuiwa huwa mara nne. Mwongezee mtu huyo mzigo, umpeleke kwenye mteremko wenye tope, nawe utaona kwa nini twasema ya kwamba mwenye mzigo sharti apunguze mwendo na kuacha nafasi kubwa mbele yake.

Watu wa Pemba hawahitaji kuambiwa kwa maneno mengi hatari ya kupakia kupita kiasi. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli iitwayo Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, hali imepakia watu wengi mno kuliko kiasi chake, na mamia ya watu walikufa. Katika kupakia kupita kiasi, kila anayeongeza huona ya kuwa chake ni kidogo tu. Haba na haba hujaza kibaba. Nacho kibaba kikijaa, humwagika.

3. Kuchagua vitu

Siku mbili kabla ya safari tandika mkeka, uweke juu yake kila kitu unachotaka kuchukua. Kisha gawa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vitu ambavyo bila hivyo safari husimama: leseni na hati za pikipiki, fedha, dawa unazotumia kila siku, koti la mvua, taa ndogo, spana chache, plagi moja, viraka vya tyubu na pampu. Fungu la pili ni vitu vipatikanavyo huko uendako: sabuni, chakula, maji, mafuta ya kupaka. Fungu la tatu ni vitu ambavyo sababu yake ni neno "huenda": huenda nikahitaji viatu vya pili, huenda nikahitaji pasi, huenda baridi ikawa kali.

Fungu la kwanza lichukue lote. La pili liache, isipokuwa kiasi cha siku moja. Maana katika Chake Chake na Wete yako maduka na masoko, na njia ya kuufikia mji si ya siku nyingi. Maji nayo ni mazito: lita moja ni kilo moja. Mwenye kuchukua lita kumi katika kisiwa chenye vijiji kila upande amejifunga kilo kumi bure. Fungu la tatu lirudishe sandukuni.

Tazameni mfano wa watu waliokuwa na haki ya kuchukua vingi. Wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, walitoka London Desemba 1934 kwa pikipiki aina ya Panther, wakavuka jangwa la Sahara, wakafika Cape Town Julai 1935. Pikipiki yao ilikuwa na kigari cha ubavuni na tela nyuma. Jangwani hakuna duka. Asiyechukua maji na petroli hufa. Basi kanuni ni hii: mzigo hupimwa kwa umbali uliopo kati ya mahali pa kupata vitu na mahali pengine pa kuvipata, wala si kwa urefu wa safari yote. Safari ya juma moja Pemba haitaki nguo za siku saba. Nguo mbili na sabuni zatosha. Moja huvaliwa, nyingine hukauka.

Chagua pia kitu kimoja chenye kazi nyingi. Kanga au kikoi ni shuka usiku, taulo asubuhi, kivuli mchana, na kitambaa cha kuzuia vitu visigongane ndani ya mfuko. Watu wa Pemba ni Waislamu karibu wote. Mgeni mwenye vazi refu la heshima huvaa hilo hilo sokoni na nyumbani kwa watu, wala hahitaji mavazi ya namna tatu. Na kwa kuzuia mvua msitegemee mifuko ya plastiki ya dukani: imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu 1 Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia kuikataza. Tumieni mfuko wa turubai au wa mpira, unaokunjwa mdomo mara tatu.

4. Kufunga

Watu wa pwani wampakiapo punda humtupia shogi mgongoni, nao ni mfuko mpana wa ukindu wenye matumbo mawili, moja kila ubavu. Hekima ya shogi ni mbili: uzito hushuka chini, na upande huu hulingana na upande ule. Mchukuzi wa mzega naye hufanya vivyo hivyo; asipolinganisha, bega lake humwambia mara. Mifuko miwili ya ubavuni mwa pikipiki ni shogi ya chuma. Iinueni yote miwili kwa mikono kabla ya kuifunga. Mkono mmoja ukishuka kuliko mwenzake, hamisheni vitu.

Vitu vizito, kama spana, viwekwe chini na karibu na kiti. Vyepesi viwe juu na nyuma. Koti la mvua liwe juu kabisa, kwani mvua ya Pemba haingoji mtu afungue mizigo yote. Hati na fedha zikae mwilini, si katika mfuko. Usitundike kitu katika usukani, wala usiweke juu ya tangi furushi lizuialo usukani kugeuka. Mzigo usifunike taa ya nyuma wala namba, usiguse bomba la moshi, wala usikaribie cheni.

Mipira iliyokatwa katika tyubu kuukuu hufunga vizuri, lakini jua huila. Ivuteni kwanza, na yenye nyufa itupeni. Ncha za kamba zichomekwe ndani. Ncha iliyoning'inia yaweza kuingia gurudumuni na kulizuia ghafula. Kanga na buibui la abiria nalo likusanywe na kukaliwa vema kabla ya kuondoka. Hili si jambo la adabu tu, ni uhai wake. Pump gurudumu la nyuma kwa kiasi kilichoandikwa kitabuni kwa mwenye mzigo. Kisha nenda kilomita tano, simama, shika kila fundo. Mzigo mpya hulala na kulegea mwanzoni mwa safari kuliko baadaye.

5. Mzigo wa kuombwa

Sasa twafikia jaribu kubwa kuliko kilima. Utafunga mzigo wako vema, na siku ya kuondoka atatokea jirani au mwenyeji na pakacha mkononi: "Mwanangu, nifikishie hili kwa ndugu yangu Tanga." Wahenga wamesema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Yeye aombaye huuona mwepesi, kwa sababu si yeye atakayepanda nao vilima.

Kukataa si ukorofi, maadamu ni kwa heshima. Mwambie, "Shikamoo, bibi. Chombo kimetimia, nami naogofya kukuahidi nisiyoyaweza. Nipe barua na salamu, nitazifikisha mwenyewe." Barua haina uzito, nayo hufurahisha kuliko pakacha la maembe yaliyopondeka. Wala usipokee furushi lililofungwa usilolijua ndani. Hasa karafuu: huko Zanzibar huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa, yaani ZSTC, na kuzitoa kisiwani kwa magendo ni kosa la sheria. Atakayekamatwa ni yule ambaye mzigo uko nyuma yake.

Na mtu ajapo kukuomba umchukue juu ya mizigo, chagua moja: mtu au mzigo. Mtu hafungwi kwa kamba, wala hapangwi kati ya magunia.

Maswali ya kujizoeza

1. Mpandaji ana kilo 68, abiria kilo 57, na mizigo ni kilo 35. Kitabu chasema kiasi cha mwisho ni kilo 150. Zipunguzwe kilo ngapi, nawe ungepunguza vitu gani?
2. Kwa nini mzigo uliofungwa nyuma ya mhimili huifanya breki ya mbele kuwa dhaifu?
3. Eleza hekima mbili za shogi.
4. Taja vitu vitatu ulivyochukua katika safari yako ya mwisho kwa sababu ya neno "huenda". Vingapi ulivitumia?
5. Mzee unayemheshimu akuomba uchukue furushi lililofungwa. Utamjibuje?

Someni somo hili pamoja na wenzenu wenye pikipiki, tena pamoja na wale wanaochukuliwa nyuma yao, maana hao nao wana haki ya kuuliza mzigo umefungwaje kabla hawajapanda.