FEZA YA SERIKALI INAPITIA MKONO WA NANI?

Katika somo la uchumi, sisi wa mwaka wa sita tulisoma namna serikali inavyosaidia walimaji kwa feza. Wengi wetu tulifikiri: serikali ikitoa, mlimaji anapata, mambo yamekwisha. Kumbe sivyo. Tuangalie wilaya moja ya mashamba, Poinsett, katika jimbo la Arkansas kule Marekani.

Mwaka 1929 ratili ya pamba (karibu nusu kilo) iliuzwa senti 17 hivi. Kufika 1932 ilikuwa senti 6 hivi tu, kwa sababu pamba ilizidi wanunuzi. Mwezi wa tano 1933, wakati wa Rais Roosevelt, sheria ikatoka: mtu akipunguza shamba lake, serikali itamlipa. Lakini pamba ya mwaka ule ilikuwa imekwisha kuota! Basi waliipindua kwa jembe, hekta karibu milioni 4 katika inchi nzima. Wanasimulia kwamba nyumbu wenye kuvuta majembe walikataa, maana walikuwa wamefundishwa wasikanyage mistari ya pamba. Tulicheka sana. Hata hivyo bei ilipanda.

Shida ilikuwa hii. Wengi wenye kulima pamba kule hawakuwa na udongo. Familia ilipewa nyumba ya mbao, ikachukua chakula kwa deni, na wakati wa mavuno walikatiana nusu kwa nusu na mwenye shamba. Sasa mkataba wa 1934 na 1935 uliweka malipo ya namna mbili: kodi ya udongo uliopumzishwa, senti 3 na nusu kwa ratili, ya mwenye shamba, na nyongeza ya senti 1, ya kugawanya nusu kwa nusu. Mufanye hesabu wenyewe: mmoja senti 4, mwingine nusu senti. Nane kwa moja! Na ile nusu senti pia ilipitia kwa mwenye shamba, na mara nyingi aliikata kwa deni.

Tena, shamba likipunguzwa, wenye kulilima watakula nini? Mkataba ulimtaka mwenye shamba abaki na hesabu ileile ya familia, lakini uliongeza: kadiri itakavyowezekana. Mutie mstari chini ya maneno hayo. Nani atapima kama inawezekana? Kamati za wilaya, na humo wenye mashamba makubwa ndio walikuwa na nguvu.

Mwaka 1934 mwenye shamba mmoja karibu na Tyronza alifukuza familia zaidi ya 20. Mwezi wa saba watu weusi na weupe walikutana pamoja katika nyumba ya shule, jambo la hatari kule siku zile, wakaunda chama cha walimaji. H. L. Mitchell, mfuaji wa nguo, na Clay East, muuzaji wa petroli, walikuwa kati ya viongozi, E. B. McKinney, mhubiri mweusi, akawa makamu wa rais wa chama. Walikwenda mpaka tribinali, wakashindwa. Mwezi wa pili 1935, wanasheria wa serikali wenye kusema familia zilezile zibaki shambani walifukuzwa kazi wao pia. Mwezi wa kwanza 1936 Mahakama Kuu iliivunja sheria, lakini kwa mambo ya kodi na mamlaka, si kwa ajili ya wale waliofukuzwa.

Usiku tulibishana sana katika bweni. Wengine walisema: udongo ni wake, sheki ni yake, mnataka nini? Mmoja wetu, mama yake analima shamba la mtu mwingine, alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza: «Kesho mradi ukileta mbegu na mbolea kwetu, wataandika jina la nani kwenye liste?»

Tulizima taa bila jibu. Tutaendelea siku ya ine, nyuma ya maombi ya jioni, katika kilasi yetu. Wadogo wa mwaka wa kwanza wanaweza kuja pia, lakini bila makelele.