"Mwangwi" au "Mwitikio"? Istilahi za Upimaji wa Usumaku wa Viini kwa Vitetemeshi Vidogo

Makala haya yanachunguza neno "mwangwi", ambalo mfasiri wa fizikia hulikimbilia anapotaka kueleza hali ya kitu kutetemeka kwa nguvu kinapochochewa kwa masafa yake cha asili. Udhaifu wa neno hilo hujitokeza wazi katika mbinu iliyopendekezwa na John Sidles wa Chuo Kikuu cha Washington mwaka 1991.

Katika njia ya kawaida, iliyoasisiwa Marekani mwaka 1946 na makundi ya Bloch na Purcell, viini vya atomu vilivyomo katika uga wa sumaku huyumba kama pia ichezwayo na watoto. Mawimbi ya redio yenye masafa ya myumbo huo huvigeuza, na koili hunasa ishara yake. Sampuli ikiwa ndogo mno, koili haipati kitu.

Sidles aliiacha koili, akataka kani ipimwe. Sampuli hubandikwa kwenye ncha ya ufito mwembamba sana, karibu na sumaku ndogo ambayo uga wake hubadilika upesi toka nukta hadi nukta. Viini huvutwa au husukumwa kutegemea vilivyoelekea. Vikigeuzwageuzwa kwa mpigo wa asili wa ufito, misukumo hiyo hulimbikizana, mithili ya bembea isukumwayo kwa wakati wake, na leza husoma mtikisiko. Rugar na wenzake walifaulu kwa elektroni mwaka 1992 na kwa viini mwaka 1994. Mwaka 2009 picha ya virusi vya mozaiki ya tumbaku ilionyesha sehemu zisizofikia nanomita 10.

Hapa ndipo "mwangwi" unapokwama. Mbinu hii ina mapatano mawili ya masafa: redio na viini, kwa megahezi, viini na ufito, kwa kilohezi. Aidha, mwangwi ni sauti irudiyo, na hapa hakuna kirudicho. "Mwitikio" unafaa zaidi, kwani waitikiaji wa ngoma hufuata mpigo. Kweli, neno hilo limekwisha kutumika kwa jibu la aina yoyote, na pingamizi hilo ni zito. Lakini kivumishi hulipunguza: "mwitikio-sumaku wa viini" kwa patano la kwanza, "mwitikio wa ufito" kwa la pili. Mbinu yenyewe ingeitwa "upimaji kwa kani wa mwitikio-sumaku wa viini": jina refu, ila halimpotezi mwanafunzi maabarani.